Mukubwa anakuja Lubumbashi: namna ya kufikisha ulizo yako hata kama njia banaifunga

Kila mara mukubwa anakuja huku Lubumbashi tunaona mambo ni ile ile, barabara ya kutoka Luano, kiwanja ya ndege, banaifagia, mashimo inajazwa kwa siku mbili, batoto banatolewa masomo na tubendera mu mikono, kiisha sirene zinapita mbio, vioo nyeusi, na kila mutu anarudi kwake na ulizo yake mu roho. Mi nilishasimama vile masaa tano juani na karatasi mufukoni, ikalowa jasho, hakuna aliyeiomba. Njo maana naandika hii, juu namna ya kufanya iko.

Programu ya ziara ikitoka, usiangalie tu kwenye atapita, angalia sana kwenye hatapita. Bakubwa ya inchi zote banajua hii kazi. Mwezi wa 9 mwaka 2025 Donald Trump alipokelewa Uingereza kwa ziara ya kitaifa, gari ya farasi ikamubeba ndani ya eneo ya kasri ya Windsor, mbali na barabara za London, na bunge ilikuwa likizo basi hotuba kule hakutoa. Lakini batu habakunyamaza: usiku wa mbele bakapiga mapicha kwa mwangaza ku ukuta ya kasri yenyewe (bane bakakamatwa), na siku ya sherehe maelfu bakaandamana London.

Kwetu, Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alisema kule Kinshasa kama anajuta sana mambo ya ukoloni, msamaha rasmi hakuomba, kiisha akakuja huku na akaongea na banafunzi ku Unilu, ni kusema université ya Lubumbashi. Mi naona ile chumba ya Unilu njo ya kuwaza. Barabarani hautafika karibu naye, lakini kila ziara iko na liste ya balioalikwa: banafunzi, basendika, mapadri, mamama ya masoko, bachama. Tafuta mutu moja mwenye jina yake iko pale, mapema, siku nyingi mbele, umupe ulizo MOJA. Usimupe kumi, ataacha zote. Na iwe ya kujibika: siyo "maisha ni nguvu" lakini "feza ya maji ya kartie yetu iliingia mwezi gani na ilifanya nini?" Mara ya pili nilifanya hivi kupitia mama moja, akaisoma kwa sauti, na mushauri aliandika.

Ya pili, andika. Katiba ya 2006, kifungu 27, inapatia kila Mukongomani haki ya kupeleka petisio (barua ya maombi) kwa mamlaka, peke yake ao na benzake, na mamlaka inapashwa kujibu mu myezi tatu, na hakuna mutu wa kushitakiwa juu ya kuandika. Toa kopi mbili, moja inabaki kule, ingine bakupigie kashe (muhuri) na tarehe. Bakikatala kashe, rudi kesho na shahidi. Mugeni akiwa wa inchi ingine, andikia mamlaka yetu yenye kumupokea, juu yeye katiba yetu haimubane.

Ukitaka kusimama barabarani, kifungu 26 inasema bapangaji baarifu mamlaka kwa maandishi. Kuarifu, siyo kuomba ruhusa! Lakini tuambiane ukweli, polisi mara mingi inatawanya hata wenye kuarifu, kwa hiyo usicheze: batoto babakie nyumbani, hakuna jiwe, hakuna fimbo, namba ya avoka iandikwe ku mukono juu telefone inaweza kunyanganywa, na usikaribie eskoti kabisa, ile magari haisimame. Mi napenda siku ya mbele ya ziara kuliko siku yenyewe, bandirole moja, maneno mafupi ya kusomeka mu foto, juu bajurnalisti banakuwa bameshafika na habana bado kitu ya kuonyesha.

Mukubwa akisharuka ndege, batu banasahau, na hapa njo kazi kubwa inaanza. Hesabu myezi tatu kutoka tarehe ya kashe, weka alama ku kalenda, na siku ile urudi na kopi yako ku meza ile ile.