Sebuleni jasho, chumbani kwa mtoto baridi: sawazisha rejeta zako

Nyumba tuliyopanga hapa Leicester, Uingereza, ina rejeta nane, yaani yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba joto kwa maji ya moto, na boila inayoyachemsha maji hayo iko jikoni. Majira yetu ya kwanza ya baridi, rejeta ya sebuleni ilikuwa haishikiki kwa moto, ya chumbani kwa mwanangu, juu kabisa mwishoni, vuguvugu tu. Mtoto analala na soksi na sweta. Kifaa cha kupima joto la nyumba kiko ukutani sebuleni, kwa hiyo sebule ikishapata moto boila inazimika, na yeye bado anatetemeka.

Maji ya moto hupita penye wepesi. Rejeta za karibu na boila huyachukua mengi, za mbali zinaambulia kidogo. Kwa hiyo zile za karibu ndizo za kubana.

Ila kwanza ipapase rejeta yenyewe. Ikiwa juu ni baridi na chini moto, ndani kuna hewa: zima boila, acha ipoe, shika kitambaa, legeza kiskrubu cha pembeni kule juu mpaka maji yaanze kudondoka, kisha kaza. Baadaye tazama presha ya boila. Ikiwa imepoa iwe kati ya baa 1 na 1.5. Baridi ikiwa chini katikati, hiyo ni tope, inataka kusafishwa na fundi.

Kila rejeta ina koki mbili. Yenye namba ifungue mpaka mwisho. Ya upande wa pili imefunikwa kofia ya plastiki, na hiyo ndiyo ya kusawazishia. Vua kofia, ifungue yote kwa spana ndogo, uhesabu imezunguka mara ngapi na uandike, ili ukikosea uweze kuirudisha ilipokuwa. Koki ikigoma usiilazimishe, itavuja.

Sasa washa boila nyumba ikiwa baridi, upite na karatasi ukiandika ipi inaanza kupata moto. Kwetu sebuleni ilichukua dakika 2, kwa mtoto dakika 18.

Zima, zipoe, washa tena. Anza na iliyotangulia: funga koki yake, kisha ifungue robo mzunguko. Ikishatulia, pima joto la bomba la kuingilia na la kutokea. Tafuta tofauti ya nyuzi 12 hivi. Boila za kisasa zinazovuna joto la moshi hupendelea karibu na 20. Tofauti ikiwa ndogo, bana zaidi; ikizidi, legeza. Kila ukigusa, subiri dakika kumi ndipo upime, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa haraka. Endelea hivyo kwa kufuata orodha yako. Ya mwisho kwa kawaida huachwa wazi yote.

Kazi ilinichukua Jumamosi nzima. Karatasi nimeibandika ndani ya kabati la boila: sebuleni robo, ukumbini nusu, kwa mtoto wazi.