Vitumbua vya moto na kahawa chungu, kwa mlaji wa Mwanza

Kahawa chungu hainywewi na sukari. Utamu wote unatoka kwenye kitumbua, kwa hiyo kitumbua kikikosewa, kahawa nayo imeharibika.

Usiku, loweka nusu kilo ya mchele kwa saa 8. Chenga inatosha kabisa, maana itasagwa, na bei yake ni nafuu. Ila ichambue mawe kwa makini. Asubuhi punje ikivunjika kirahisi ukiiminya kwa vidole, imekubali. Mwaga maji yote, kisha saga kwa blenda pamoja na kikombe kimoja na robo cha tui, robo tatu kikombe ya sukari, iliki punje 8, unga wa ngano vijiko 2 vya chakula na hamira kijiko 1 cha chai. Nazi huku Kanda ya Ziwa inatoka pwani na bei yake inauma. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa yanafaa pia.

Wengi hukosea hapa: blenda ikikwama, wanaongeza maji. Usiongeze. Zima, koroga kwa mwiko, washa tena, hadi usisikie chengachenga ukisugua kwa vidole. Uji mwepesi hautuni. Kitumbua kinatoka bapa kama chapati ndogo.

Funika uumuke kwa saa moja hivi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina ubaridi, basi sogeza bakuli karibu na jiko. Ukiuacha muda mrefu mno unachachuka, na vitumbua vyake vinakunywa mafuta.

Chuma cha vitumbua kikae kwenye mkaa wa wastani. Kikiwa kipya, kipake mafuta na ukichome mpaka kitoe moshi, mara tatu, la sivyo kitang'ang'ania. Tia kijiko cha chai cha mafuta kila shimo, dondosha tone la uji. Likichemka papo hapo, jaza shimo robo tatu. Subiri kingo zikauke na vitundu vifunguke juu, ndipo ugeuze kwa mshikaki. Nje pakiungua na ndani pakabaki pabichi, punguza mkaa. Utapata kama 25 hadi 30.

Kahawa iwe robusta ya Kagera, iliyokaangwa ikaiva sana na kutwangwa. Chemsha lita moja ya maji na tangawizi iliyopondwa, ukubwa wa kidole gumba. Yakitokota ndipo utie vijiko 4 vya chakula vya kahawa. Punguza moto upesi, povu lake hupanda na kumwagika. Iache ichemke taratibu dakika 10, kisha ipua ikae dakika 5 machicha yazame. Mimina kwa utulivu kwenye dele, uliweke juu ya makaa yaliyofifia: ibaki moto tu, isichemke tena, maana ikirudia kuchemka inakuwa kali ya kukwaruza koo. Vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, viwili vinatosha asubuhi.

Vitumbua visiwekwe kwenye hotipoti. Mvuke unalainisha ganda. Viweke kwenye ungo dakika 3, ndani pamalizie kuiva. Ng'ata kwanza, tafuna, na utamu ukiwa bado ulimini, piga funda.