Kabla ya Kutia Bia Kwenye Kegi: Mambo ya Kuzingatia ili Isivuje

Bia ya kutengeneza nyumbani huchukua wiki tatu au zaidi tangu siku ya kuchemsha nafaka hadi siku ya kunywa, na inauma kuona kazi hiyo yote ikiharibika kwa sababu ya kipande cha mpira kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Niliwahi kufunga mtungi mpya wa gesi ya hewa ukaa (CO2) wenye kilo 2.3, nikafungua vali, nikaenda kulala, na asubuhi mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Washa, yaani pete bapa ya plastiki, iliyo kati ya mtungi na regulata (kifaa kinachopunguza mgandamizo wa gesi) ilikuwa imetumika mara nyingi hadi ikachanika ukingoni, nami sikuwa nimeitazama. Tangu siku hiyo siungi gesi kwenye kegi (pipa dogo la chuma la bia) yenye bia kabla ya kuipima kegi hiyo ikiwa tupu.

Kegi ninayoizungumzia hapa ni ile iitwayo Cornelius, yenye galoni 5 za Kimarekani, yaani lita 19 hivi, ambayo watengenezaji wengi wa bia ya nyumbani nchini Marekani na kwingineko huitumia. Awali haikukusudiwa bia. Ilikuwa chombo cha kubebea shira ya soda, na kampuni za soda zilipohamia kwenye mifuko ya plastiki iliyowekwa ndani ya maboksi, kegi hizo zilianza kuuzwa kwa wingi zikiwa zimeshatumika. Historia hiyo ina maana kwa mnunuzi wa leo, kwa kuwa kegi ya namna hiyo huja na mipira iliyokwisha kukauka, na mipira hiyo huwa imefyonza harufu ya soda ambayo kuosha peke yake hakuiondoi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kubadilisha mipira yote mitano kwa pamoja: mkubwa wa kifuniko, miwili midogo inayozunguka vichwa viwili vya juu ya kegi, kimoja cha kuingizia gesi na kingine cha kutolea bia, na miwili mingine iliyofichika chini ya vichwa hivyo, pale mrija unaoshuka ndani ya kegi unapokalia shingo yake. Wapo wanaobadilisha ule tu unaoonekana kuchakaa, lakini sioni faida ya kuokoa senti chache halafu kukaa wiki nzima ukikisia ni upi unaovujisha. Kabla ya kufungua chochote, vuta pete ya vali ya usalama iliyo kwenye kifuniko hadi mlio wa gesi ukome kabisa, kwa sababu kichwa kinacholegezwa wakati kegi ina mgandamizo kinaweza kuruka na kumjeruhi mtu usoni. Hakikisha pia unajua kichwa kipi ni cha gesi na kipi ni cha bia, maana vinafanana sana. Kwenye kegi nyingi za aina hii kile cha gesi kina mikato midogo kwenye pembe za nati yake. Ukivibadilishana, konekta (kiungo kinachounganisha kichwa na mpira wa kupitishia gesi au bia) itaingia kwa nguvu na itakataa kutoka.

Mipira mipya ipakwe mafuta kidogo ya silikoni yanayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini hayafai, kwa kuwa yanatokana na petroli na huifanya baadhi ya mipira ivimbe na kulegea.

Ndani ya kila kichwa kuna vali ndogo yenye springi, na hapo ndipo uchafu hupenda kujificha. Jani moja la hopsi, mmea unaoipa bia uchungu, lililonasa chini ya vali hiyo linatosha kuiacha wazi kwa upana wa unywele, na gesi haihitaji zaidi ya hapo. Itoe, ioshe, itazame kwenye mwanga, uirudishe. Unapokaza kichwa, anza kwa vidole mpaka uhisi kinazunguka bila kusita, ndipo ushike spana. Ukianza na spana, uzi wa skrubu wa kichwa unaweza kuingia mshazari, na ukishaingia hivyo hakuna mpira utakaoziba pengo hilo.

Kifuniko kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu tabia yake huwapoteza wengi. Kina umbo la yai, huingizwa kwa upande na kujikaza kutokea ndani, hivyo mgandamizo wa gesi ndio unaokisukuma juu na kuubana mpira wake. Matokeo yake ni kwamba kegi inaweza kushika vizuri kabisa kwenye psi 30 (psi ni kipimo cha mgandamizo), yaani bar 2 hivi, halafu ikavuja polepole kwenye psi 10 au 12 za kunywea, wakati msukumo umepungua. Ndiyo maana kuipima kwa mgandamizo mkubwa peke yake hakutoshi. Kivute kifuniko juu kwa mkono, ingiza gesi kwa kasi hadi psi 30 ili mpira ukae mahali pake, kisha punguza hadi psi 10 na upime tena. Ikiwa bado kinavuja, kizungushe nusu duara na kujaribu upya, kwani mara nyingi kifuniko na shingo ya kegi vimepinda kidogo kila kimoja kwa namna yake, na upande mmoja hukubali kuliko mwingine. Mpira laini wa silikoni husaidia kwenye kegi kuukuu iliyogongwagongwa.

Upimaji wenyewe una hatua mbili, na ya kwanza ni ile ile inayofanywa kwenye mtungi wa gesi ya kupikia: sabuni ya vyombo kidogo ndani ya maji, kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia kifuniko chote, vali ya usalama, vichwa viwili, konekta, klipu za mipira ya kupitishia gesi na maungio ya regulata. Kisha usiondoke. Povu la mvujo mkubwa huinuka papo hapo, ila mvujo mdogo huchukua dakika moja au mbili na huonekana kama mstari wa vipovu vyeupe, vidogo kama mbegu za ufuta, vikijikusanya upande mmoja wa kichwa. Vikitoka katikati ya kichwa, tatizo ni vali ya springi. Vikitoka kwenye kiungo cha kichwa na shingo, ni mpira wa mrija.

Hatua ya pili ni kuiacha kegi tupu usiku mzima ikiwa na psi 30, ikiwa imetenganishwa na mtungi, na asubuhi kuisoma kwa geji ndogo iliyofungwa kwenye konekta ya gesi. Kutenganisha ni muhimu, kwa sababu kegi ikibaki imeungwa na mshale ukashuka, hutajua kama kosa ni la kegi, la mpira wa kupitishia gesi au la regulata. Iache pia mahali ambapo joto halibadiliki. Ukiitoa kwenye chumba chenye nyuzi 25 na kuiweka kwenye friji yenye nyuzi 4, mshale utashuka kwa takribani psi 3 bila tone la gesi kutoka, kwa kuwa gesi ikipoa hupunguza msukumo wake. Na usipime kamwe kwa kegi yenye bia mbichi ambayo haijapata gesi: bia baridi huinywa hewa ukaa kwa pupa, mshale unashuka saa chache tu baada ya kufunga vali, na nimeona watu wakibomoa kegi nzima isiyo na kosa lolote kwa sababu hiyo.

Upo mvujo mmoja ambao povu la sabuni haliwezi kuuonyesha, nao ni wa mpira wa mrija wa bia. Gesi iliyo juu ya bia hupenya moja kwa moja kwenye njia ya bia, nje hapavuji kitu, lakini kila glasi hutoka ikiwa nusu povu. Kabla ya kulaumu koki au joto la friji, badilisha mpira huo.

Kuhusu mtungi, kumbuka kwamba hewa ukaa iliyomo ni kimiminika, hivyo geji ya regulata inayoonyesha mgandamizo wa ndani ya mtungi hukaa palepale hadi karibu gesi yote iishe; mizani ndiyo inayosema kweli. Washa ya regulata ikaguliwe kila mtungi unapobadilishwa, na kama regulata yako ina mpira wake wa ndani, usiongeze washa nyingine juu yake.

Naomba pia suala la chumba lisichukuliwe kwa wepesi. Gesi yote ya mtungi wa kilo 2.3 ikitoka, inajaza takribani lita 1,200. Katika chumba kilichofungwa cha mita 3 kwa 4, chenye dari ya mita 2.5, hiyo ni asilimia 4 ya hewa yote, kiwango ambacho NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inakihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hutanda chini, walipo watoto na mtu aliyelala. Kegi isiwekwe chumba cha kulala wala stoo isiyo na dirisha, na ukisikia kichwa kinauma au pumzi inakwenda mbio ukiwa hapo, toka nje kwanza, mengine yafuate.

Kegi ikishafaulu usiku wake, ndipo bia iingie. Siku hiyo mimi hupima mtungi kwa mizani inayosoma gramu, nikaandika uzito na tarehe kwenye kipande cha tepu ubavuni mwake, na baada ya wiki moja nikapima tena. Lita 19 za bia huchukua takribani gramu 60 hadi 100 kupata gesi ya kutosha. Ikiwa mtungi umepungua kwa nusu kilo, nafunga vali na kuichukua tena chupa ya sabuni.