Kromosomu homologasi: zichore kwa kalamu mbili

Kama kromosomu homologasi na kromatidi dada zinakuchanganya, chukua kalamu ya bluu na nyekundu. Chora kromosomu (uzi wa DNA unaobeba jeni ndani ya seli) namba 11 mara mbili: ya bluu imetoka kwa baba, nyekundu kwa mama. Hizo ndizo homologasi. Zina urefu uleule na jeni zilezile mahali palepale. Kinachoweza kutofautiana ni toleo la jeni, yaani aleli.

Karibu na ncha ya mkono mfupi (upande mfupi wa kromosomu) weka alama. Hapo inakaa jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini. Andika A kwa aleli ya kawaida, S kwa ile ya selimundu. AA na SS ni homozaigasi (aleli mbili zinazofanana), AS ni heterozaigasi (aleli mbili tofauti). Mwenye SS anaugua selimundu. Mwenye AS kwa kawaida haugui, ila anaweza kumrithisha mtoto S, na ana kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana S imeenea sehemu zenye malaria nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria.

Kromatidi dada ni habari nyingine kabisa. Kabla seli haijagawanyika, kromosomu hujinakili, na nakala mbili hubaki zimeshikana kwenye sentromia, sehemu iliyobana ya kromosomu: bluu na bluu. Ile picha yenye umbo la X vitabuni, inayowaponza wengi kwenye mtihani, ni kromosomu moja iliyojinakili, wala si jozi.

Kwa binadamu, jozi za kromosomu ziko 23. Kwa mwanamume, kromosomu za jinsia, ziitwazo X na Y, hazilingani, kwa hiyo usizitumie kujifunzia mwanzoni.