Santuri kwenda kompyuta: usisahau priampu
Kama unahamisha santuri zako kwenda kompyuta, usichomeke gramafoni moja kwa moja kwenye tundu la maiki, pitisha kwanza kwenye priampu ya fono (kifaa cha kukuza na kusawazisha sauti ya gramafoni) halafu ndo uingize kwenye tundu la laini (LINE IN) la kadi ya sauti ya kompyuta. Nimelijua hili juzi baada ya kurekodi santuri kibao zikatoka sauti nyembamba haina besi kabisa, roho iliniuma kweli. Sababu ni kwamba kichwa cha sindano kinatoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5 hivi, tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa (mfumo wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, tangu 1954), sasa priampu ndo inarudisha kila kitu mahali pake. Ila kabla hujanunua chungulia nyuma ya gramafoni, ukikuta swichi ya PHONO/LINE basi priampu imo ndani, weka LINE na usiongeze nyingine maana mbili zikifuatana sauti inapasuka. Kwa zile santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika hii haitoshi, nyingi hazikufuata RIAA na zinataka sindano pana zaidi.