Betri ya pili ya gari la kulala, usiiache ilale na njaa

Wenzangu wa Mombasa mliogeuza Hiace ikawa gari la kulala, au mnaopanga, leo tuongee betri ya pili, ile ya taa, friji na kuchaji simu, manake watu wanainunua kwa pesa nyingi alafu mwaka hauishi ishakufa. Yangu ya kwanza ilimaliza miezi minane tu. Nilirudi kutoka Diani jioni nimechoka, nikaegesha, friji haina kitu ndani lakini swichi nimeiacha, wiki mbili baadaye napima nakuta volti 10.9. Fundi wa waya akaichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma 12.6 nikafurahi, kuwasha friji nusu saa tu ikaporomoka tena. Akanambia hii haijazeeka, umeilaza na njaa.

Na ndo hivo. Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, sulfeti inashika kwa zile pleti za ndani inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu chaja haiitoi tena. Kushuka si tatizo sana, tatizo ni kushuka alafu ikakaa hivo siku nyingi.

Kwa hivyo kwanza nunua mita, hata ya bei rahisi. Zima kila kitu, toa chaja, ngoja masaa kadhaa ndo upime, sababu ukipima hapohapo itakudanganya. 12.7 imeshiba. 12.4 kama robo tatu. 12.1 au 12.2 ni nusu, hapo simama. Ikiwa chini ya 11.9 ichaji siku hiyohiyo, usingoje kesho. Betri ya 100Ah (ampea-saa, yaani ampea mara masaa) basi ina kama 50 tu za kutumia, na friji ya kompresa inayokula ampea 2 kwa wastani itazimaliza kwa siku moja, na Februari yetu mnaijua joto lake.

Kuchaji kwa injini watu wanakutegemea mno. Weka rilei ya kuunganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ukizima, la sivyo friji itanyonya betri ya stata ukwame, na waya wa chanya uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Lakini kuzunguka mjini na kungoja feri Likoni hakujazi kitu. Hata safari ya Voi, betri inapanda haraka mpaka kama 80% alafu ile 20 ya mwisho inaingia pole pole kwa masaa, na betri isiyofikishwa mwisho kila mara ndo hiyo inayoshika sulfeti.

Hapo sola inasaidia sana. Paneli ya 100W jua la saa sita inatoa kama ampea 5, siku nzuri utapata 25Ah hivi. Ipanguse na maji baridi yasiyo ya bahari kila ukikaa ufuoni, chumvi inatanda juu yake kama vumbi jeupe. Mimi napenda paneli ya kubeba yenye waya mrefu, gari liko chini ya mkungu kivulini, paneli iko nje juani, na mtu anaiangalia isitembee.

Nyumbani tumia stima, na chaja iwe ya hatua, inapanda mpaka 14.4 hivi alafu yenyewe inashuka 13.6 kushikilia. Betri ya jeli, ile asidi yake imegandishwa, inataka volti chini kidogo, kwa hivyo soma maandishi ya betri kabla. Kwa 100Ah chaja ya ampea 10 hadi 20 yatosha. Fungua mlango ukichaji, betri inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha kuleta balaa.

Alafu joto. Kila digrii 10 juu ya 25, umri wa betri unapungua kama nusu, na Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, sasa mtu anaiweka nyuma ya kiti cha dereva palepale penye moto! Ipeleke nyuma kabisa, sakafuni, ifunge mkanda, hewa ipite.

Ikiwa ni ya kuongezwa maji, angalia kila mwezi. Weka maji ya betri tu, yale yaliyosafishwa, si asidi, na kamwe si ya kisima, visima vyetu vina chumvi. Jaza baada ya kuchaji, isipokuwa pleti ziko wazi, hapo zifunike kwanza. Ukiona unga wa kijani au mweupe kwa vichwa, toa waya, sugua na magadi kwa maji moto, yatatoka povu, suuza, kausha, paka vaselini.

Wenye lithiamu, volti nilizotaja si zenu, chaja yenu ni nyingine, na mkiliweka gari muda mrefu iacheni kama nusu.

Sisi wa risasi tukisafiri tunaishibisha kabisa, tunachomoa waya wa hasi, na kila mwezi mtu wa nyumbani anaurudisha na kuchomeka chaja usiku mmoja.