Bodi ya shirika la kuhifadhi kasa: namna ya kuiunda idumu kuliko mwasisi wake

Kasa wa kijani akianguliwa leo kwenye ufukwe wa Mafia, itapita miaka 25 hadi 35 kabla hajapevuka na kuanza kutaga. Ruzuku ya kawaida ni ya miaka miwili au mitatu. Mwasisi wa shirika naye ana miaka yake ya kukesha ufukweni, kisha magoti yanaanza kulalamika, watoto wanahitaji ada, au kazi nyingine inamwita. Kati ya ruzuku, mwasisi na bodi, ni bodi peke yake inayoweza kupangwa iishi umri wa kasa. Mwongozo huu ni wa wanaoanzisha shirika dogo la kuhifadhi kasa pwani ya Tanzania, na wa wale ambao tayari wana shirika lakini bodi yao ipo kwenye karatasi tu. Mengi yaliyomo yatawafaa pia wanaohifadhi nguva, popo wa Pemba au mnyama mwingine aliye hatarini.

Anzeni na katiba, kwa sababu kuibadilisha baadaye ni kazi. Tanzania Bara shirika husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002 na marekebisho yake, na kila badiliko la katiba lazima lifike kwa Msajili. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Kenya sasa inatumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kazi rasmi tarehe 14 Mei 2024. Popote mlipo, ndani ya katiba wekeni mambo yasiyobadilika: malengo, idadi ya wajumbe, muda wa kukaa madarakani, akidi, namna ya kumwondoa mjumbe, na mali itakwenda wapi shirika likivunjwa. Majina ya watu, viwango vya posho na mipaka ya malipo viandikwe kwenye kanuni za ndani, ambazo bodi inaweza kuzirekebisha kikaoni.

Wajumbe saba, na kila mmoja ana sababu

Saba wanatosha. Wakiwa watano, wawili wakisafiri kikao kinayumba. Wakifika kumi na wawili, hakuna anayejiona mwenye dhamana. Akidi iwe wanne.

Wa kwanza kumtafuta ni mhasibu aliyesajiliwa na NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu), ambaye hamjui mkurugenzi kwa undugu wala urafiki. Huyo ndiye mweka hazina. Wa pili ni mwanasheria. Wa tatu ni mtaalamu wa baiolojia ya bahari, na awe mmoja tu. Kosa la kawaida katika mashirika ya uhifadhi ni kujaza bodi watafiti: kikao cha saa tatu kinaishia kwenye ubishi wa vipimo vya joto la mchanga, huku mikataba ya wafanyakazi imekwisha muda na hakuna aliyeiona. Wataalamu wengine wekeni kwenye kamati ya sayansi isiyo na kura.

Wa nne awe mstaafu wa serikali aliyefanya kazi idara ya uvuvi au hifadhi za bahari. Anajua barua ya kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri inapita dawati gani na inakwama wapi. Hilo halifundishwi kwenye semina.

Wa tano ni mtu wa biashara, mara nyingi wa utalii, kwa kuwa ndiye anayeweza kuleta fedha zisizo na masharti. Hapa kuna mtego. Mwenye hoteli inayotazama ufukwe wa viota ana maslahi kwenye suala la taa: vifaranga wakitoka kiotani hufuata upande wenye mwanga, hivyo taa za baa huwavuta nchi kavu badala ya baharini. Siku ajenda ya taa inapokuja mezani, mjumbe huyo atangaze maslahi yake, atoke chumbani, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Fungueni daftari la maslahi na kila mjumbe alijaze upya kila Januari, hata kama hana cha kuandika.

Wa sita na wa saba watoke kwenye vijiji vyenye viota. Tunasisitiza wawe wawili, kwa sababu mwakilishi mmoja wa kijiji akikaa katikati ya wasomi sita hugeuka pambo: anaitikia, anasaini mahudhurio, anapanda boti kurudi. Wakiwa wawili wananong'onezana, wanapata ujasiri wa kupinga. Wachaguliwe na mkutano wa kijiji au kikundi cha BMU (cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi na rasilimali za bahari), mkurugenzi asiwe na mkono ndani yake. Mmoja awe mwanamke, ikiwezekana mvuvi wa pweza, maana wanawake wa pwani wanayajua maji ya miambani kuliko ripoti yoyote. Msimchukue diwani aliyeko madarakani. Uchaguzi ukifika shirika litaonekana la chama.

Uwakilishi huo hauna maana kama makabrasha yanakuja kwa Kiingereza. Vikao viendeshwe kwa Kiswahili, nyaraka ziandikwe kwa Kiswahili, kisha tafsiri ya mfadhili ifanywe baadaye. Kazi hiyo ni ya ofisi, asibebeshwe mvuvi.

Mwasisi akiwa mkurugenzi mtendaji, ahudhurie vikao bila kura, na asiwe mwenyekiti kwa namna yoyote. Bodi ndiyo inayomwajiri, inayompima na inayoweza kumwondoa. Haiwezekani aongoze kikao kinachojadili mshahara wake. Mwenzi wake, ndugu yake na shemeji yake wasiwe wajumbe wala watia saini benki. Jambo hili huonekana la kuudhi mwanzoni, watu wakiwa bado wanaaminiana. Muda wa kuliandika ni huohuo.

Kila mjumbe akae miaka mitatu, na aweze kurudia mara moja tu. Lakini wote saba wakianza siku moja, watatoka siku moja, na kumbukumbu yote itatoka nao. Kwa hiyo mwanzoni pigeni kura ya bahati: wawili wakae mwaka mmoja, wawili miaka miwili, watatu miaka mitatu. Baada ya hapo kila anayeingia anakaa miaka mitatu kamili.

Vikao

Vinne kwa mwaka vinatosha, na kimoja kifanyike kijijini kabla ya msimu mkubwa wa viota. Makabrasha yawafikie wajumbe siku saba kabla, yasizidi kurasa sita: viota na matokeo yake, fedha zilizoingia na kutoka kwa kila ruzuku, wafanyakazi, na hatari zinazokuja. Muhtasari utoke ndani ya siku saba, na kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe ya kumaliza. Azimio lisilo na jina la mtu hubaki ajenda ya kudumu ya "yatokanayo".

Kuhusu posho, lipeni nauli halisi, malazi na chakula. Posho ya kukaa kikaoni ikiwa nono, vikao vya dharura vitaanza kuongezeka vyenyewe, na wajumbe hawatataka kuondoka muda wao ukifika.

Fedha, na hasa viota hewa

Benki iwe na watia saini watatu, na kila malipo yahitaji wawili: mkurugenzi pamoja na mweka hazina, mwenyekiti akiwa wa akiba. Hakuna kusaini hundi tupu eti mweka hazina anasafiri. Ndiyo maana kuna wa tatu. Laini ya simu inayolipa waangalizi wa fukwe isajiliwe kwa jina la shirika, isiwe ya mhasibu binafsi. Kila ruzuku iwe na namba yake kwenye vitabu. Tatizo linalorudi kila mara ni mafuta ya boti: fedha ya mfadhili mmoja imechelewa, boti lazima itoke, basi "inaazimwa" kwa mwingine bila barua. Mkaguzi akifika, wafadhili wote wawili wanadai. Dawa yake ni akiba isiyo na masharti. Tengeni asilimia 10 ya kila fedha huru inayoingia, kwa mfano viingilio vya wageni wanaokuja kuona vifaranga wakitoka, mpaka ifike gharama za msingi za miezi sita. Kuigusa kuhitaji azimio la bodi.

Mashirika kadhaa ya ukanda huu humlipa anayeripoti kiota, kisha humlipa tena kiota kikiangua vizuri. Mpango huu umebadilisha mayai kutoka kitoweo kuwa kitu cha kulindwa, na unafanya kazi. Lakini mtu mmoja akiwa ndiye anayethibitisha kiota, anayejaza fomu na anayepeleka malipo, viota hewa vitazaliwa kama walivyozaliwa wafanyakazi hewa. Gawanyeni kazi hizo kwa watu watatu, halafu mweka hazina na mjumbe mmoja wa kijiji wafanye ukaguzi huu kila robo mwaka:

1. Chagueni viota kumi kwa kura kutoka rejesta, msiachie ofisi ichague.
2. Kwa kila kiota, wekeni mezani fomu ya ufukweni, picha, majira ya GPS (namba zinazoonesha mahali kiota kilipo) na hati ya malipo. Majina na tarehe vilingane.
3. Hesabuni siku kutoka kutagwa hadi kuangua. Kwa kawaida ni kati ya siku 50 na 65 hivi, kutegemea joto la mchanga. Kiota "kilichoangua" siku ya 38 kina maswali.
4. Angalieni idadi ya mayai. Kiota cha kasa wa kijani huwa na mia na kitu, lakini hakuna viota viwili vinavyofanana. Mkiona 110, 110, 115, 110 kwa mwandiko mmoja, mtu amejaza fomu akiwa nyumbani.
5. Mpigieni simu aliyeripoti, muulizeni alipokea kiasi gani.

Hatua ya tano ndiyo inayofichua mengi. Kuna wakati kiota ni cha kweli, mayai ni ya kweli, ila fedha ilikatwa njiani. Mwananchi aliyepunjwa mara mbili haripoti kiota cha tatu, anakula mayai. Fomu pia ioneshe kuwa kiota kilifukuliwa siku chache baada ya vifaranga kutoka, na kwamba yalihesabiwa tu maganda ambayo kila moja limebaki zaidi ya nusu yake, kwa sababu vipande vidogo vikihesabiwa kila kimoja, mafanikio yatapanda kwenye karatasi tu.

Bodi isome namba za kasa kwa subira

Jike hatagi kila mwaka. Hupumzika miaka miwili au zaidi kati ya misimu, na msimu akitaga hurudi mara kadhaa. Kwa hiyo viota vikipungua mwaka mmoja, msimfukuze mkurugenzi, na vikiongezeka mwaka mmoja, msimwandikie mfadhili kwamba kasa wamerudi. Tumieni wastani wa miaka mitano au zaidi. Mkurugenzi apimwe kwa yaliyo mikononi mwake: fukwe zililindwa usiku mara ngapi, viota vingapi viliokolewa visichukuliwe na maji au wezi, malipo yalifika baada ya siku ngapi.

Bodi pia iwe tayari kwa habari njema zenye utata. Oktoba 2025, IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalotunza orodha ya viumbe walio hatarini, ilimwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani na kumweka kwenye kundi lisilo na wasiwasi mkubwa. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, yeye bado yuko hatarini kabisa. Semeni ukweli huo wenyewe, mapema, kabla mfadhili hajauliza: hali ya kasa wa kijani duniani imeimarika kwa sababu ya miongo ya kulinda fukwe, na makundi ya sehemu mbalimbali hayako sawa. Shirika linaloendelea kuchapisha "anatoweka" baada ya tarehe hiyo litapoteza kuaminika hata likisema kweli kuhusu ng'amba.

Siku ya msiba

Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Tukio kama hilo likitokea eneo lenu, simu za waandishi zitaanza kuingia kabla hamjakaa kikao. Kanuni zenu ziseme mapema nani anaongea: mwenyekiti, na mkurugenzi akiwa mbadala. Wengine wote wanaelekeza kwao. Ujumbe wa kwanza uwe wa afya: aliyekula apelekwe hospitali hata kama hajaumwa, nyama iliyobaki isiliwe, na ijulikane kwamba kupika hakuondoi sumu hiyo. Mama anayenyonyesha aliyekula naye aende, pamoja na mtoto. Siku hiyo msizungumzie sheria wala faini. Kasa analindwa kisheria na kila mtu pwani anajua. Kumkumbusha mfiwa ni ukatili, na kutawafungia milango ya kijiji kwa miaka. Ukamataji ni kazi ya serikali, na shirika lisikubali kufanywa polisi wa ufukwe.

Makabidhiano

Kila mwaka bodi itaje kwa azimio nani atakaimu mkurugenzi akiondoka ghafla. Kisha mpeni mkurugenzi likizo ya wiki tatu mfululizo, simu ya kazi akiiacha ofisini kwa kaimu. Kabla ya kuondoka akabidhi kwa orodha iliyosainiwa: cheti cha usajili na ripoti za mwaka zilizopelekwa kwa Msajili, vibali vya utafiti na tarehe zake za kuisha, mikataba ya ruzuku, kadi za boti na pikipiki, makubaliano na vijiji, nywila, na nakala mbili za rejesta ya viota, moja ikiwa nje ya ofisi. Majira kamili ya viota yabaki siri ya shirika, yasiwekwe mitandaoni.

Kama ndani ya wiki hizo tatu malipo ya waangalizi yalichelewa au boti ilikaa bila mafuta, tafuteni ni idhini gani ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, iandikeni kwenye kanuni, na mrudie zoezi mwaka unaofuata.